Blanketi la Mpagazi: Jina la Kariakoo na Elimu ya Kujikinga na Baridi



Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia yenye faida ya kila siku. Tutazungumza juu ya baridi: jinsi ilivyochangia kuwaua watu maelfu kwa maelfu katika nchi ambayo wageni huiita nchi ya joto, na jinsi wanadamu walivyojifunza kidogo kidogo kuuzuia mwili usipoteze joto lake. Tutaanzia Kariakoo, maana jina lenyewe la mtaa huo ni ukumbusho wa watu hao. Kutoka hapo tutafika Rufiji, Iringa na Kilimanjaro, kisha tutarudi mjini kwetu, katika Bonde la Msimbazi.

Pengine mmoja wenu atauliza: "Mwalimu, sisi watu wa Dar es Salaam baridi yatuhusu nini? Hapa mtu hutokwa na jasho hata akiwa amekaa kivulini." Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo msingi wa somo hili. Mwili wa mtu mzima mwenye afya una joto la nyuzi 37 hivi za sentigredi. Hewa yenye nyuzi 28 tunaiita ya joto, lakini bado iko chini ya joto la mwili wetu. Mtu aliyekula vizuri na mwenye nguo kavu halihisi jambo hilo. Lakini mlowanishe mtu huyo huyo kwa mvua, mpige upepo, mlaze juu ya udongo uliolowa, mnyime chakula siku mbili, kisha mwache usiku kucha. Joto la ndani ya mwili wake likishuka chini ya nyuzi 35, tayari yumo hatarini. Basi si lazima maji yagande ndipo mtu afe kwa baridi. Jambo hili wazee wetu wa vita ya 1914 walilijua kwa uchungu.

Jina la Kariakoo

Kabla ya vita hiyo, mahali palipo na Kariakoo leo palikuwa shamba nje ya mji. Serikali ya Kijerumani ilikata shauri kuwahamishia Waafrika upande huo. Ikapima viwanja, ikachora mitaa iliyonyooka, ikajenga jengo kubwa la soko lenye paa. Vita Kuu ya Kwanza ikazuka mwezi wa Agosti 1914, na mipango hiyo yote ikakatika.

Tarehe 4 Septemba 1916 mji wa Dar es Salaam uliingia mikononi mwa Waingereza. Hao walihitaji mahali pa kuwaweka watu wa kikosi chao cha uchukuzi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wakawaweka katika jengo lile la soko na katika uwanja uliolizunguka. Wenyeji wakalisikia jina hilo, nalo likapita katika ulimi wa Kiswahili, likatoka limekuwa laini: Kariakoo. Huko Nairobi jambo ni lile lile. Mtaa wa Kariokor nao umepata jina lake kwa wapagazi wa vita hiyo hiyo.

Vita ilipokwisha, jengo likarudishwa katika kazi iliyokusudiwa, na mwaka 1923 soko likafunguliwa. Soko lililofuata, lile lenye paa la miavuli mikubwa ya zege, lilichorwa na mbunifu wa majengo Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na moto ukaliunguza mwezi wa Julai 2021. Majengo yamebadilika, bidhaa zimebadilika, lakini jina limebaki. Kila kondakta wa daladala anayeita "Kariakoo! Kariakoo!" analitaja, bila kujua, jina la jeshi la watu wasiokuwa na bunduki.

Mpagazi wa safari na mpagazi wa vita

Tusidhani kwamba kazi ya upagazi ililetwa na vita. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walishuka pwani kwa maelfu, wakichukua pembe za ndovu, na wakirudi bara na nguo, shanga na nyaya. Kwa kijana wa Unyamwezi safari ya pwani ilikuwa jambo la sifa, na aliyefika baharini akarudi salama alihesabiwa kuwa mtu kamili.

Sasa angalieni sana jinsi watu hao walivyosafiri. Wengi walichagua wakati wa kiangazi, ili wawahi kurudi makwao kulima mvua ziingiapo. Jioni walipotua mizigo waligawanyika katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na sufuria au chungu chake, na mpishi wake, na moto wake. Walikata matawi na majani wakajenga vibanda vya usiku mmoja. Walilala karibu karibu, miguu ikielekea motoni. Hawakuwa na kitabu cha elimu ya joto, lakini kila jambo walilofanya lilikuwa ni elimu ya joto: kulala pakavu, kuzuia upepo, kutandika majani juu ya ardhi, kula chakula kilichoiva, na kukaa pamoja.

Vita haikungoja kiangazi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani, alikwepa kupigana vita moja kubwa ya kumaliza maneno. Alirudi nyuma siku zote, akiwavuta adui zake kusini, mbali na reli. Farasi na ng'ombe wa Waingereza walikufa kwa ndorobo. Magari yalizama katika matope. Hapo ndipo kila kitu, tangu risasi mpaka unga na dawa, kikapandishwa juu ya kichwa cha binadamu.

Inakadiriwa kwamba katika muda wote wa vita Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na nchi nyingine. Wajerumani nao waliwachukua watu wa vijijini, na Wabelgiji, walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, walikuja na wapagazi kutoka Kongo. Wengine walikwenda kwa mshahara, lakini wengi, hasa kuanzia mwaka 1917, walikamatwa kwa nguvu kwa mikono ya maakida na machifu walioamriwa kutoa idadi fulani ya wanaume. Mzigo ulikuwa ratili 50 hadi 60, yaani kilo 23 hadi 27 hivi.

Mtu huyo alipewa nini cha kujikinga? Kitu chake kikubwa kilikuwa blanketi. Mchana alilikunja akaliweka begani au chini ya mzigo. Mvua iliponyesha likawa koti lake. Usiku likawa kitanda na shuka. Na kwa wengine, mwisho wa safari, likawa sanda.

Mvua za mwaka 1917

Mwanzoni mwa mwaka 1917 mapigano yalifika mto Rufiji. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa mno. Mto ulifurika, mabonde yakawa maziwa, njia zikakatika. Wapagazi walipita katika maji ya kiuno, mizigo ikiwa vichwani, wakalala mahali ambapo hapakuwa na udongo mkavu hata wa kutandika ukindu. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Unga wa mahindi waliopewa ulihitaji kupikwa kwa muda mrefu. Lakini mtu aliyefika kambini gizani, amechoka, na moto hauwaki, aliula ukiwa nusu mbichi. Wengi wao makwao hawakuzoea kula mahindi, bali ndizi, mtama au mihogo. Tumbo likaharibika, kukafuata kuhara damu.

Upande wa kusini-magharibi, majeshi yaliyotoka Nyasaland yalipanda nyanda za juu za Njombe na Iringa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi Juni au Julai huko hata mwenye nyumba na moto hujifunika hadi kichwani. Fikirini mtu aliyezaliwa pwani au kando ya ziwa, hajapata kuona ukungu wa namna ile, analala nje kwa blanketi moja.

Wapagazi waliokufa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliouawa na maradhi: kuhara damu, malaria, na homa ya mapafu ambayo wengi sasa huiita nimonia. Baridi yenyewe haikuandikwa sana katika vitabu vya hospitali. Lakini tusidanganyike. Baridi ni kama mwizi anayefungua mlango, kisha wenzake ndio wanaoingia na kuiba. Mwili unaotumia nguvu zake zote kutetemeka usiku kucha haubaki na nguvu za kupigana na maradhi asubuhi.

Mkuu wa kikosi hicho cha uchukuzi, Oscar Ferris Watkins, aliyekuwa akijua Kiswahili, alilalamika mara nyingi juu ya chakula, mavazi na matibabu ya watu wake. Mambo yalitengenezwa kidogo kidogo, lakini kwa wengi matengenezo yalikuja wamekwisha kuzikwa. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake walifika karibu 100,000. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hapo vita ya Afrika Mashariki ikaisha.

Joto hutoka mwilini kwa milango minne

Sasa, ndugu wasomaji, tuliangalie lile blanketi kwa jicho la elimu, tujue ni kwa nini halikutosha.

Joto la mwili hutoka kwa milango minne. Mlango wa kwanza ni kugusana. Ukikaa juu ya jiwe la baridi, joto lako hupita na kuingia katika jiwe. Ardhi iliyolowa hulivuta joto la mtu aliyelala kupita hewa inayomfunika kwa juu. Mlango wa pili ni upepo. Mwili huipasha joto hewa iliyo karibu na ngozi. Upepo huja ukaichukua hewa hiyo, ukaleta nyingine ya baridi, na kazi huanza upya. Mlango wa tatu ni maji yanayogeuka mvuke. Ndiyo maana ukitoka kuoga unasikia baridi hata mchana: maji yakikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Mlango wa nne hauonekani. Weka kiganja chako mbele ya jiko la makaa, kando, bila kukigusa. Utasikia joto likikufikia. Mwili wako nao unatoa joto la namna hiyo hiyo kila upande, usiku na mchana, ingawa hauwaki kama kaa.

Blanketi la sufu au la pamba hufanya kazi kwa kushika hewa kati ya nyuzi zake. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Basi hewa iliyofungwa ndani ya kitambaa ndiyo inayokuweka na joto. Sasa blanketi likilowa, maji huingia mahali pa hewa, na maji hulipitisha joto upesi sana. Tena blanketi lililolowa huwa zito, na upepo ukipita juu yake maji hugeuka mvuke na kuzidi kuchukua joto. Mpagazi wa Rufiji, basi, alikuwa amefunguliwa milango yote minne kwa mara moja: ardhi ya maji chini, upepo pembeni, nguo iliyolowa mwilini, na mbingu wazi juu.

Liko na jambo la tano, nalo ni kubwa kuliko yote. Blanketi halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kutunza joto la yule aliyejifunika, na joto la mtu hutoka katika chakula. Jiko bila makaa, hata ulifunike vipi, halitapika. Mtu aliyeharisha siku tatu na hana chakula tumboni ni jiko lililokwisha makaa. Kwa hiyo, mkubwa aliyehesabu mablanketi bila kuhesabu sufuria na kuni, alihesabu nusu ya hesabu.

Chupa ya chai na karatasi inayong'aa

Miaka mingi baada ya vita hiyo kilitokea kifuniko cha namna nyingine kabisa. Pengine mmekiona katika picha: ni kama karatasi nyembamba inayong'aa, rangi ya fedha upande mmoja na mara nyingine rangi ya dhahabu upande wa pili. Watu wa uokoaji humfunika nayo mtu waliyemtoa majini au katika ajali. Katika mbio ndefu, kama zile za New York alizoshinda Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa mwaka 1989, siku hizi wakimbiaji wakifika mwisho hupewa karatasi kama hiyo wajifunike, maana mwili uliokuwa ukichemka kwa mbio hupoa ghafula ukisimama.

Mkitaka kuielewa karatasi hiyo, hamna haja ya kwenda mbali. Nendeni kwa muuza chai yeyote wa Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Congo. Chai yake aliipika alfajiri, na saa nne bado inaunguza ulimi. Kwa nini? Kwa sababu ya ile chupa yake. Chupa ya chai ya kioo ikivunjika, tazameni vipande vyake: vinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Mtaalamu wa Uskoti, James Dewar, aliitengeneza chupa ya namna hiyo mwaka 1892. Ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na kati yake hewa imeondolewa. Hivyo joto halina cha kupitia. Na kile king'aacho kimepakwa ili kuufunga mlango wa nne, ule usioonekana. Joto la chai likitoka hugonga mng'ao, likarudishwa ndani, kama vile mwanga wa taa unavyorudishwa na kioo.

Karatasi ya uokoaji hutumia mng'ao huo huo. Wamarekani walipoanza kurusha vyombo angani walihitaji kitu chepesi cha kuvikinga na joto la jua na baridi ya anga. Wakachukua utando wa plastiki, wakachemsha madini ya alumini mahali pasipo na hewa mpaka yakawa mvuke, na mvuke huo ukaganda juu ya plastiki ukawa ngozi nyembamba sana. Tarehe 12 Agosti 1960 walirusha puto kubwa lililotengenezwa kwa utando wa namna hiyo, lenye upana wa mita 30, likaitwa Echo 1. Mwaka 1964 shirika lao la anga, NASA, likautengeneza zaidi utando huo, na katika miaka iliyofuata ukaingia katika mikoba ya wapanda milima, mabaharia na watu wa huduma ya kwanza.

Karatasi moja ya kumfunika mtu mzima ina uzito wa gramu 60 hivi, ikikunjwa huingia katika mfuko wa shati. Hurudisha sehemu kubwa ya joto linalotoka mwilini kwa mlango wa nne. Tena, kwa kuwa ni plastiki, haipitishi upepo wala mvua. Mpagazi wa 1917 angeweza kuichukua bila kuhisi kwamba ameongezewa mzigo.

Lakini msidhani ni hirizi. Kwanza, mlango wa kwanza haiufungi: ukiilalia juu ya ardhi iliyolowa, baridi ya ardhi itapita kama kwamba hakuna kitu. Pili, kwa sababu haipitishi mvuke, jasho hujikusanya ndani yake. Akikaa nayo sana bila nguo ya kunyonya maji, mtu atalowa. Tatu, huchanika upesi na huyeyuka karibu na moto, basi isisogezwe kwenye jiko. Nne, alumini hupitisha umeme. Palipo na mafuriko na nyaya zilizoanguka, iwekwe mbali nazo kabisa. Na la tano ni lile lile la blanketi la sufu: karatasi haina joto lake. Mtu aliyekwisha poa kabisa, ukimfunga peke yake katika karatasi, utakuwa umeihifadhi baridi.

Mlimani na bondeni

Je, mambo haya ni ya zamani tu? Hapana. Upagazi haujaisha katika nchi yetu. Kilele cha Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, walikifikia Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, nao hawakupanda kwa nguvu zao peke yao. Mizigo ilibebwa na wenyeji. Hata leo kila mgeni anayepanda husindikizwa na watu wanaombebea hema, chakula na maji. Kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 au zaidi. Anayeiacha Moshi akiwa na fulana, baada ya siku chache anasimama mahali ambapo maji ya chupa huganda.

Mgeni huvaa nguo za thamani. Mpagazi mara nyingi huvaa alichokipata katika mitumba. Kwa ajili hiyo mwaka 2003 ulianzishwa huko Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao pamoja na kazi nyingine huwaazima nguo za baridi bila malipo. Na sheria za hifadhi zimeweka kiwango cha mzigo, kilo 20. Linganisheni na ratili za mwaka 1917, mtaona kwamba mambo yamesogea, lakini hayakusogea sana.

Na hapa mjini? Bonde la Msimbazi liko hatua chache kutoka Kariakoo. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa, Jangwani na mabonde mengine yakafurika, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Wengine walipanda juu ya mapaa na kungoja kuokolewa. Baadaye serikali ilizihamishia familia nyingi Mabwepande. Mtoto mchanga juu ya bati lililolowa, usiku, upepo ukivuma, hayuko Dar es Salaam ya joto tunayoijua. Yuko Rufiji ya mwaka 1917. Na mvuvi ambaye chombo chake kimepinduka wakati wa kusi yuko mahali pagumu zaidi, maana maji huchukua joto la mwili kwa upesi wa mara 25 hivi kuliko hewa.

Mambo ya kufanya

Basi, mtu amelowa na kupoa, tufanyeje? Mkariri mambo haya kama mnavyokariri hesabu.

1. Mtoe katika upepo na mvua. Nyuma ya ukuta ni bora kuliko uwanjani.

2. Mvue nguo zilizolowa, umpanguse, umvike kavu. Kanga mbili kavu zinashinda koti zito lililolowa.

3. Weka kitu kati yake na ardhi: jamvi, magunia, maboksi, majani makavu. Chini kunahitaji unene kuliko juu.

4. Mfunike mwili na kichwa, uso ukiwa wazi. Kama ipo karatasi ya kung'aa, nguo iwe ndani na karatasi iwe nje, upande wa fedha ukielekea mwilini. Kama haipo, turubai au nailoni safi itazuia upepo na mvua. Lakini mtoto asifunikwe uso kwa nailoni hata kidogo.

5. Mpatie joto la mtu mwingine. Kaa naye ndani ya kifuniko kimoja. Mtoto mchanga awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili.

6. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe uji au chai ya vuguvugu yenye sukari. Asipewe pombe, pombe humfanya ajisikie joto huku joto likimtoka.

7. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimweke karibu sana na moto. Mtulize, umnyanyue polepole.

8. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, akisema maneno yasiyoeleweka au akisinzia, msifurahi mkidhani amepona. Hiyo ni dalili ya hatari. Apelekwe hospitali mara moja.

Mtaona kwamba katika mambo haya manane, karatasi ya anga imetajwa mara moja tu. Mengine yote Wanyamwezi wa zamani walikuwa wakiyafanya au yanayofanana nayo. Elimu mpya ni nzuri, lakini haikuifuta ya zamani.

Majina yaliyopotea

Neno la mwisho. Pale penye makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Azikiwe imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Anayeonekana juu ni askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini yake, kwa jumla, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hakuna jina hata moja. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa himaya ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, na kwamba huenda wakafika 350,000.

Jeshi lililojua kuhesabu masanduku ya risasi lingeweza kuhesabu watu. Halikuhesabu kwa sababu halikuona haja. Hilo ndilo fundisho kubwa la historia hii, kubwa hata kuliko fundisho la blanketi. Mtu asiyeandikwa jina hupewa blanketi moja. Anayeandikwa jina huulizwa kama amekula, kama amelala pakavu, kama amefika kwao. Kwa hiyo nawaomba: kama yuko mzee katika ukoo wenu aliyesikia kwa wakubwa zake habari za babu aliyechukuliwa "kariakoo" asirudi, mwulizeni jina la babu huyo, mliandike katika daftari. Kazi hiyo haihitaji fedha, na haitaweza kufanywa na mtu mwingine.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Taja milango minne ambayo joto la mwili hutokea. Katika nyumba yako, mtoto akilala, ni mlango upi ulio wazi kuliko mingine?

2. Kwa nini blanketi lililolowa halikumfaa mpagazi wa Rufiji?

3. Eleza jinsi chupa ya chai na karatasi ya uokoaji zinavyofanana, na jinsi zinavyotofautiana.

4. Mtaani kwenu pakifurika usiku wa leo, ni vitu gani vikavu mngeweza kuvipata kwa dakika kumi, na vimewekwa wapi?

5. Ni nani katika ukoo wako aliyekuwa mpagazi wa vita ya 1914 hadi 1918? Andika jina lake.